Jelikoti Inayonata: Fundi wa Mashua, Linda Macho Yako

Fundi mmoja wa mashua kutoka upande wa Karungu, Migori, aliingia katika kliniki yangu akiwa amelifunika jicho la kulia kwa kitambaa. Alikuwa akitengeneza mashua ya faibaglasi ambayo tabaka lake la juu, lile linaloitwa jelikoti, lilikuwa bado linanata siku mbili baada ya kupakwa. Akaona heri aongeze dawa ya kugandisha, yaani hadena. Alipokuwa akiifungua chupa, tone likamrukia jichoni. Alinawa uso kwa muda wa dakika moja hivi, kisha akapanda pikipiki kuja mjini. Jicho hilo leo huona mwanga na vivuli tu.

Huenda wewe msomaji unaishi Kisumu au Nairobi na hujawahi kushika brashi ya fundi. Lakini wengi wenu mna mashua huko Mbita, Homa Bay, Sori au Muhuru Bay, na ni nyinyi mnaopiga simu kuuliza mbona kazi haijakwisha. Yafaa basi mjue kinachoendelea.

Mashua nyingi za ziwani bado ni za mbao. Zile za faibaglasi hujengwa kwa nyuzi za kioo zilizoloweshwa katika rezini, na jelikoti ndiyo ngozi yake ya nje. Haikauki kama rangi ya nyumba, ambayo hutoa maji au mafuta hewani ikabaki kavu. Jelikoti huganda kwa sababu hadena huifanya chembechembe zake zishikane. Sasa, hewa ya oksijeni huzuia kazi hiyo pale juu inapogusana na jelikoti. Ndiyo maana jelikoti ya kawaida, isiyotiwa nta, hubaki ikinata juu hata kama chini yake imekuwa ngumu kama jiwe. Si kosa la fundi wala si dawa mbovu. Ikiwa kuna tabaka jingine la kufuata siku hiyo hiyo, kunata huko ni faida, kwa maana tabaka hizo mbili hushikana barabara.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kupima. Vaa glovu, ukwaruze mahali padogo kwa ncha ya kisu. Ukikuta utando mwembamba tu unanata na chini ni pagumu, pangusa utando huo kwa kitambaa chenye asetoni kidogo, kisha piga msasa wa maji. Safari nyingine, kwa tabaka la mwisho, tumia jelikoti iliyotiwa nta, au funika kwa utando wa PVA ili hewa isifike.

Lakini kisu kikizama kama katika siagi, hadena ilikuwa haba, au haikukorogwa vizuri, au kazi ilifanywa jioni yenye baridi na unyevu. Iache siku moja mahali penye joto. Isipoganda, hakuna njia ya mkato: kwangua yote, safisha, paka upya. Kipimo hufuata maandishi ya mtengenezaji, na mara nyingi ni kati ya gramu 10 na 20 za hadena kwa kilo moja ya jelikoti. Gramu hizo hupimwa. Kifuniko cha soda si kipimo, na jicho la fundi mzoefu si kipimo pia.

Kumwaga hadena juu ya jelikoti iliyokwisha pakwa hakusaidii kitu. Haiingii ndani. Inakaa juu ikingoja mkono, kitambaa au jicho. Hadena hii ni peroksaidi kali mno, na tone moja laweza kuunguza kioo cha jicho kwa muda mfupi kuliko unaotumia kutafuta nauli. Tena inaweza kuwaka yenyewe ikikutana na asetoni, au na ile dawa ya kobalti ya kuharakisha kuganda. Hizi mbili, hadena na kobalti, zisichanganywe moja kwa moja kamwe, huweza kulipuka. Vitambaa vilivyolowa hadena vitiwe majini, visirundikwe kibandani.

Ikiwa imeingia jichoni, osha hapo hapo ulipo. Usingoje hospitali. Mwenzako akushikie kope zikiwa wazi, maji yatiririke kwa dakika 30 zisizopungua. Maji safi ni bora, lakini kama mko ufuoni na hamna mengine, tumieni ya ziwa. Nasikia mtu akisema, daktari, je kichocho? Kichocho kina tembe zake, nami nitakupa. Kioo cha jicho kilichoungua hakina tembe. Usitie mafuta, asali, maziwa ya mama wala majani yoyote. Baada ya kuosha ndipo uende hospitali, ukichukua na chupa ili daktari asome maandishi yake.

Mvuke ndio adui wa pili, na huyu haonekani. Ile harufu tamu na kali ya jelikoti ni stairini. Fundi anayeivuta siku nzima chini ya mashua iliyofunikwa turubai hutoka akiwa na kichwa kinachouma, macho yanayochoma, na mwendo wa mtu aliyelewa. Watu humcheka, naye hajaonja hata tone la pombe. Mwaka 2018 wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililoko Lyon, Ufaransa, waliiweka stairini katika kundi la vitu ambavyo yaelekea husababisha saratani. Barakoa za kitambaa za wakati wa korona hazizuii mvuke huu. Inatakiwa ile yenye vichujio vya makaa, na kazi ifanyiwe mahali pa wazi penye upepo. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini. Kwa hiyo akina mama wanaoanika omena wasiwe upande unaoelekea upepo, hasa wajawazito, na watoto wasichezee hapo.

Ngozi nayo ina malalamiko yake. Mafundi wengi hunawa mikono kwa asetoni kwa kuwa inaondoa unato upesi. Inaondoa pia mafuta ya ngozi, mikono ikapasuka na kuwasha kwa miezi. Tumia sabuni na maji, na glovu kabla ya hapo.

Kuhusu gharama ya vifaa hivi, sheria ya Kenya ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Mwenye mashua uliyemwajiri fundi, miwani ya kufunika macho ni juu yako.

Na hadena ibaki katika chupa yake ya asili. Ikihamishiwa chupa ya soda, mtoto ataidhani maji. Aliyeimeza asitapishwe, asukutue kinywa kwa maji na apelekwe hospitali mara moja.