Somo la Maneno: Kufurika



Neno letu la leo ni "kufurika". Kila mtu alijua. Mtungi ukijaa pomoni, maji humwagika. Mvua za masika zikizidi, mto hufurika. Kadhalika husemwa kuwa watu wamefurika sokoni. Katika yote hayo maana ni moja, yaani kitu kimekizidi chombo chake, na kilichozidi huonekana kwa macho.

Fundi wa bomba naye ana maana yake. Karibu na ukingo wa juu wa tangi huweka bomba la kutolea maji ya ziada. Boya likikwama, maji yaliyozidi hupita njia hiyo yasiharibu ukuta. Kwake yeye kufurika ni onyo. Ukiona bomba lile linatiririka usilizibe, bali katazame boya.

Maana ya tatu ndiyo ya hatari, kwa sababu haimwagi kitu. Kila chombo cha hesabu kina nafasi zake za tarakimu. Kihesabio cha mkononi chenye nafasi nne kikifika 9999, ukibonyeza tena hurudi 0000. Hakuna tone lililoanguka, lakini hesabu imepotea.

Hata wenye elimu kubwa hupatwa na jambo hili. Tarehe 4 Juni 1996, roketi ya Ulaya iitwayo Ariane 5 ilirushwa kutoka Kourou, Guyana ya Kifaransa. Haikutimiza dakika moja ikavunjika angani. Programu iliyochukuliwa katika Ariane 4 ilijaribu kutia namba kubwa katika nafasi isiyopokea zaidi ya 32,767. Kwa roketi ya zamani nafasi ile ilitosha. Kwa mpya, yenye mwendo mkubwa zaidi, haikutosha.

Je, haya yatuhusu? Naam. Tuseme kikundi kimeuza kilo 8,000 za karafuu kwa shilingi 15,000 kila kilo. Jawabu ni shilingi 120,000,000, yaani tarakimu tisa. Vikokotoo vingi vya mfukoni vina nafasi nane tu, navyo huonyesha herufi E, pengine pamoja na 1.2. Usiandike namba hiyo daftarini! Piga hesabu kwa maelfu: 8,000 mara 15 ni 120,000, kisha ongeza sifuri tatu kwa mkono wako.

Wazee walisema haba na haba hujaza kibaba. Basi nasi, kabla ya kupima, tutazame kwanza ukubwa wa kibaba chenyewe.