Kulipia Pamoja Uchunguzi wa Ziwa

Mkulima wa Awendo, mvua kubwa ikisha kunyesha, nenda ukasimame darajani juu ya mto Sare utazame rangi ya maji. Wekundu ule ni udongo wa juu wa mashamba, pengine wa shamba lako pia, pamoja na mbolea uliyoinunua kwa fedha yako mwenyewe. Sare huingia katika mto Kuja, na Kuja huteremka kupita Nyatike mpaka Ziwa Victoria. Wenzenu wa skimu ya Kuja ya chini huyaona maji hayo kwanza, kisha huwafikia wavuvi. Na jioni mama wa nyumbani kwako hununua omena sokoni. Basi wewe na ziwa mna hesabu moja, ingawa ufuko uko mbali nawe.

Somo la mwezi huu ni juu ya hesabu hiyo: nani hulichunguza ziwa, nani hulipa, na hutokea nini malipo yakikatika.

Ziwa letu lina ukubwa wa kilomita za mraba 68,000 na zaidi. Katika kila sehemu 100 Kenya inazo karibu 6 tu. Nyingine zote ni za Tanzania na Uganda. Mbuta hajui mpaka. Sasa fikiri ndugu watatu wenye ng'ombe katika malisho yasiyo na ua. Mmoja ahesabu Jumatatu, wa pili Alhamisi, wa tatu hahesabu kabisa. Mwisho wa mwezi wagombana, na kila mmoja ana haki kwa hesabu yake. Ndivyo ilivyo kwa samaki, isipokuwa samaki ni wagumu zaidi kuhesabu.

Jambo hili lilijulikana zamani. Katika miaka ya 1927 na 1928 Bwana Michael Graham alitumwa kutoka Uingereza kuchunguza uvuvi, maana ngege walikuwa wakipungua. Alishauri macho ya nyavu yasipungue inchi 5. Mwaka 1947 kikafunguliwa kituo cha uchunguzi huko Jinja, kwa ajili ya nchi zote tatu. Kati ya 1969 na 1971 meli ya uchunguzi iitwayo Ibis ilivuta wavu wake chini ya maji katika ziwa lote, na ikaonekana kwamba karibu kilo 80 katika kila kilo 100 za samaki waliovuliwa zilikuwa za fulu, wale samaki wadogo.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na kila nchi ikashika njia yake. Kenya iliunda Taasisi ya Uchunguzi wa Bahari na Uvuvi mwaka 1979, makao yake Mombasa, na kituo Kisumu. Lakini miaka hiyo hiyo mbuta, aliyetiwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, aliongezeka kupita kiasi na kuwala fulu karibu kuwamaliza. Mageuzi makubwa namna hiyo yalitukia wakati ambapo hapakuwa na jicho moja la kulitazama ziwa zima. Mimi naona hiyo ilikuwa hasara kubwa kuliko bei ya meli yoyote.

Tarehe 30 Juni 1994, mjini Kisumu, nchi hizo tatu zilitia sahihi mkataba wa kuunda Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lenye makao Jinja. Miaka michache baadaye fedha za nje zikaingia. Jumuiya ya Ulaya ililipia uchunguzi wa samaki, na kuanzia 1997 Benki ya Dunia na Mfuko wa Mazingira wa Dunia walisaidia mradi wa kutunza mazingira ya ziwa.

Pengine utauliza, samaki wa ziwa zima wahesabiwaje? Meli huenda kwa mistari kutoka ufuko hadi ufuko, ikivuka mipaka. Chini yake kuna chombo kinachopeleka sauti majini. Sauti ikimgonga samaki hurudi, na wataalamu hupima nguvu ya mwangwi wake. Huvua pia kwa wavu ili wajue ni samaki gani. Hapana budi vyombo viwe namna moja na njia iwe moja, la sivyo hesabu ya upande wa Kenya haiwezi kujumlishwa na ile ya Uganda.

Kazi hiyo ilianza 1999. Mradi ulioilipia ulikwisha 2002, na upimaji ukasimama mpaka 2005. Wewe mwenye ng'ombe wa maziwa wajua maana yake. Daftari likikosa kurasa za miaka miwili, huwezi kusema ng'ombe alianza kupunguza maziwa lini, wala kwa sababu gani. Nayo gharama ya kuanza upya si ndogo, kwa maana watu waliofundishwa huwa wamekwisha kwenda kwingine.

Pwani wana shida ile ile. Mwaka 2013 Ubelgiji iliipa taasisi yetu ya Mombasa meli ya uchunguzi, ikaitwa Mtafiti. Ni zawadi njema, lakini kupewa meli si kupewa mafuta na mishahara ya mabaharia. Huko Unguja chama cha wataalamu wa bahari ya Hindi ya magharibi, kilichoanzishwa 1993, kilipata fedha za Sweden, na tangu 2000 huwapa wachunguzi kwa mashindano. Sharti moja lanipendeza: wanaoomba wawe kikundi cha watu wa nchi zaidi ya moja. Fedha yenyewe huwalazimisha kukaa meza moja.

Je, mkulima amepata nini? Chukua gugu maji. Lilionekana ziwani karibu na mwaka 1989, likaziba bandari. Wataalamu walileta wadudu wadogo jamii ya fukusi kutoka Amerika ya Kusini, ambao hula gugu hilo. Kenya iliwaachia 1997, na majirani zetu pia. Baada ya miaka michache gugu lilipungua sana. Baadaye lilirudi, kwa kuwa chakula chake bado kinaingia majini.

Chakula hicho ni rutuba ya mashamba, hasa fosforasi, ambayo hushikamana na udongo. Hapa wachunguzi waligundua jambo ambalo wengi hawakulitazamia. Walipoweka vyombo vya kukinga mvua na vumbi katika nchi zote tatu, waliona kwamba sehemu kubwa ya fosforasi haiji kwa mito, bali huanguka kutoka hewani, katika vumbi na moshi. Kwa hiyo usiyachome majani makavu ya miwa. Yapange mistari kati ya miwa, yazuie maji na kuoza hapo hapo.

Kando ya mto, kanuni za mwaka 2006 zilikataza kulima karibu kuliko meta 6 kutoka ukingoni, na kwa mto mpana ziliweza kufika meta 30. Panda hapo majani ya nepia, uyakate bila kuchimba. Mbolea usiimwage juu mvua ikikaribia, ifukie.

Tena ingia katika chama cha watumiaji maji cha mto wako. Ada yake ni uchunguzi unaolipiwa na wenyeji, hata ukiwa mdogo. Anza na chupa nyeupe. Baada ya kila mvua kubwa chota maji ya mto mahali pale pale, yaache usiku kucha, asubuhi pima kwa rula kina cha tope lililotuama, uandike na tarehe. Mwenzako wa ng'ambo ya mto afanye vivyo hivyo kwa chupa ya namna ile ile, na mwisho wa msimu mumpelekee Bwana Shamba madaftari yote mawili.