Hondohondo: Tumia Sikio Kabla ya Jicho

Ndugu msomaji, je, umewahi kuingia msituni ukasikia mtoto mchanga akilia juu ya mti? Usikimbie, si jini! Huyo ni hondohondo. Wanachama, jina hili limo katika ngeli ya A-WA na halibadiliki: hondohondo mmoja, hondohondo wengi.

Hapa kwetu Kwale yumo katika msitu wa Shimba Hills, uliotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1968. Ukitaka kumwona, fuata hatua hizi:

1. Nenda asubuhi mapema, tena pamoja na askari wa wanyamapori, maana humo mna ndovu.

2. Tafuta mkuyu wenye matunda yaliyoiva. Hondohondo na matunda, bwana, hawaachani!

3. Kaa kimya usikilize. Majani ni mengi na jicho litakudanganya. Kwanza utasikia kile kilio, halafu mbawa zikivuma: vuu! vuu!

4. Sasa inua macho. Mgongo ni mweusi, tumbo jeupe, na juu ya mdomo pana kitu kama pembe. Ukiona mdomo mwekundu, huyo ni ndugu yake, ambaye hata kwenye bustani za Diani yupo.

Ukimwona dume akirudi tena na tena kwenye mti wenye tundu, kaa mbali. Mkewe yumo ndani. Mlango umezibwa kwa udongo, umebaki upenyo mwembamba tu, na hapo mume hupitisha matunda, moja moja. Mama hukaa humo kama miezi mitatu, mpaka makinda waweze kuruka. Sasa wewe mwenye manati, ukimwangusha yule dume, utakuwa umeua wangapi? Mimi nilipojua haya, manati yangu niliitupa.

Na mwenye shoka je? Tundu la kumtosha hondohondo hupatikana katika mti mkubwa, mkongwe. Kwa hivyo wazee wa Kaya Kinondo walifanya busara: humo hukati mti, huchukui hata jani, na unaingia umejifunga kaniki. Mwaka 2008 kaya hiyo iliingia katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Naye hondohondo hulipa fadhila, kwani mbegu za matunda anayokula huziangusha mbali, zikaota miti mipya.

Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. Hondohondo anazila hizo mbivu kweli kweli. Wewe vumilia tu, utamwona.

Zoezi: Eleza kwa nini kuua hondohondo mmoja ni kuua jamaa nzima.