Usizime Runinga Ijumaa

Somo: Luka 24:13–35



Nikiwa mwanafunzi wa biashara nilifuata kipindi cha Marekani kiitwacho Lost. Ndege inaanguka kisiwani, halafu kila jibu linazaa maswali mengine. Kilianza 2004, kikaenda misimu sita mpaka Mei 2010. Hapa Kisumu tulikuwa tunapitishiana kwa flashi na kukesha. Kipindi cha mwisho tulikitazama watu tisa, chumba kimoja. Mimi nilitaka kujua maana ya zile namba: 4, 8, 15, 16, 23, 42. Badala yake wahusika wakakutana kanisani, wakakumbatiana, kwisha! Nilikasirika ajabu. Usiku wangu wote huo umeenda bure?

Darasani nilishafundishwa kwamba pesa iliyokwisha kutumika isikuamulie kesho. Lakini moyo haujui hesabu hiyo. Moyo unasema: nimewekeza, nilipwe.

Miaka kadhaa baadaye mama yangu akaugua. Tulifunga, tukakesha, watumishi wakamwekea mikono. Mimi mwenyewe nilisimama mbele ya watu nikasema ataishi. Tulimzika Jumamosi. Jioni moja baada ya matanga nilienda Dunga, nikakaa nikitazama mashua zikirudi. Nikaisikia hasira ile ile, ila sasa haikuwa ya mtunzi wa filamu. Nilimwambia Mungu: nimekufuata miaka hii yote, ndio mwisho huu?

Wale wawili wa njia ya Emau walikuwa wamefika hapo. Walimweleza mgeni kwamba walikuwa wametumaini Yesu ndiye angeikomboa Israeli. Sikia vile wanasema: tumaini lao tayari ni la jana. Walikuwa wamezima runinga Ijumaa. Kumbe Jumapili imeshafika, na aliyefufuka anatembea kando yao!

Angalia mambo matatu.

1. Yesu aliwauliza, na hali alijua. Aliwaacha wakamaliza kusema. Mpendwa, usimfiche masikitiko yako. Kusema amina huku moyo umefunga mlango si imani.

2. Aliwarudisha kwenye Maandiko, kuanzia Musa na manabii. Walitaka utukufu bila mateso. Shida haikuwa mwisho wa hadithi. Walikuwa wamesoma nusu yake.

3. Walimtambua mezani, alipoumega mkate. Hawakupewa jibu la kila swali, walipewa Yeye mwenyewe. Saa ile ile wakarudi Yerusalemu, safari ya kilomita kama 11, ingawa kulikuwa kumekuchwa.

Sisemi filamu ile ifundishe kanisa. Mtunzi wa filamu akiweka kalamu chini, basi, imekwisha, na hakuna wa kumdai. Bwana wetu hajaweka kalamu chini. Mpaka leo sina jibu la kwa nini mama hakupona, na sitakutungia moja. Ila 1 Wathesalonike 4 inaniambia kaburi lake pale nyumbani si kipindi cha mwisho. Niliacha kumdai Mungu faida ya mtaji wangu siku nilipoona kwamba mtaji wenyewe ulikuwa wake.

Kwa ushirika wa nyumbani: Ni jambo gani unalolisema kwa "nilitumaini"? Mwambie mwenzako mmoja wiki hii, kisha mwambieni Yesu pamoja. Wale wa Emau walikuwa wawili.

Mungu awabariki.