Kuitambua Ndege Angani

Ngurumo ya ndege ikisikika juu ya shule, watoto wadogo hupunga mikono na kupiga kelele. Mwanafunzi wa sekondari yafaa afanye zaidi ya hapo: atazame, alinganishe, kisha aandike. Katika nchi nyingi wako watu wazima ambao siku zao za mapumziko hukaa karibu na viwanja vya ndege, darubini shingoni na daftari mkononi, wakiandika kila ndege iingiayo na itokayo. Wengine huwacheka kuwa wapoteza wakati. Lakini kazi yao ni elimu, na elimu hiyo ina sheria moja kubwa: andika ulichokiona, si ulichotazamia kukiona.

1. Mambo manne ya kutazama

Kwanza, mabawa. Je, yamefungwa chini ya kiwiliwili au juu yake? Boeing 737 ina mabawa chini. Cessna Caravan, ipelekayo watalii katika viwanja vidogo vya mbugani, ina mabawa juu. Pili, injini. Ni ngapi, ziko wapi, ni za pangaboi au za jeti? Tatu, mkia. Je, bawa dogo la mkia liko chini, au limewekwa juu kabisa kama herufi T? Nne, magurudumu. Hukunjwa wapi?

Jambo moja peke yake halitoshi. Chukua ATR 72 na Dash 8-400, ambazo zote hutumika Afrika Mashariki. Zote zina mabawa juu, injini mbili za pangaboi, na mkia wa T. Mtu mwenye haraka atasema ni ndege za aina moja. Basi ngoja zitue. ATR hukunja magurudumu yake makubwa ubavuni chini ya tumbo, kwa hiyo miguu yake ni mifupi. Dash 8 huyakunja nyuma ya injini, juu kwenye bawa, kwa hiyo husimama kwa miguu mirefu kama korongo.

Kisha soma alama iliyoandikwa ubavuni. Kila ndege ya kiraia huwa na alama ya nchi iliyoisajili: 5H ni Tanzania, 5Y ni Kenya, 5X ni Uganda. Shirika la East African Airways, lililoanzishwa mwaka 1946 na kufa mwaka 1977, liliruka na alama zote tatu, kwani lilikuwa mali ya nchi zote tatu. Aina hukuambia ndege imeundwaje. Alama hukuambia ni ndege ipi hasa.

2. Walioona na wasiosadikiwa

Uingereza ilikuwa na Kikosi cha Waangalizi, kilichoanzishwa mwaka 1925. Wengi wao walikuwa watu wa kujitolea, wenye kazi nyingine za kila siku. Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, mitambo ya rada ilitazama baharini. Ndege ya adui ikishavuka pwani, ilifuatwa kwa macho na masikio ya watu hawa, na habari zikapelekwa kwa simu.

Usiku wa tarehe 10 Mei 1941, ndege moja iliingia kutoka baharini upande wa kaskazini ya Uingereza. Waangalizi wa kituo cha Chatton waliiona ikipita chini sana, kama futi 50 tu. Wakatoa habari: ni Messerschmitt 110.

Wakubwa wa jeshi la anga hawakusadiki. Kwa hesabu zao, ndege ya aina hiyo isingeweza kubeba mafuta ya kufika huko na kurudi Ujerumani. Wakadhani ni Dornier, ndege nyingine ya Kijerumani yenye injini mbili na mkia wa vibao viwili vya kusimama, kama Messerschmitt 110 yenyewe. Tofauti moja ilikuwa katika mabawa: ya Dornier yalikuwa juu, ya Messerschmitt chini.

Kabla ya usiku wa manane ndege ile ilianguka karibu na Eaglesham, Scotland. Mabaki yalipotazamwa, yalikuwa ya Messerschmitt 110. Rubani aliyeruka kwa mwavuli alikuwa Rudolf Hess, naibu wa Hitler katika chama cha Nazi. Hesabu ya mafuta haikuwa mbaya. Ila rubani hakukusudia kurudi usiku ule. Wakubwa walianza na hesabu, waangalizi walianza na macho.

3. Kukusanya vipande

Sehemu ya kiwiliwili cha ndege ya Hess imewekwa Imperial War Museum, London, na injini yake moja iko katika makumbusho ya ndege ya East Fortune, Scotland. Hapo twaona thamani ya kipande: ni ushahidi. Bati lisilojulikana limetoka katika ndege gani, wapi na lini, ni chuma chakavu tu. Mkusanyaji mwema hufunga karatasi ya maelezo kabla ya kung'arisha chuma.

Wala si kila kipande ni cha kuokota. Tangu mwaka 1986 sheria ya Uingereza hukataza kugusa mabaki ya ndege za kijeshi zilizoanguka bila kibali, kwani mengine ni makaburi ya marubani. Na popote pale, mabaki ya ajali ni ya wachunguzi. Kuchukua hata parafujo moja huenda kukaficha sababu ya vifo vya watu.

Kadhalika, omba ruhusa kabla ya kutazama. Mwezi wa Novemba 2001 Waingereza 12 na Waholanzi 2 waliokuwa wakitazama ndege walikamatwa Ugiriki kwa shitaka la upelelezi. Walihukumiwa Aprili 2002, na rufani ikawafutia hatia Novemba mwaka ule ule. Mwanafunzi asikaribie uzio wa kiwanja, wala asipige picha pasipo idhini.

Mazoezi

1. Chora daftari lenye safu saba: tarehe, saa, mabawa, injini, mkia, magurudumu, alama. Usichokiona, acha safu tupu.
2. Wawili watazame ndege moja bila kusemezana, kisha walinganishe daftari zao.
3. Kwa nini safu tupu ni bora kuliko safu iliyojazwa kwa kubahatisha? Jibu kwa mfano wa Chatton.