Kupima Majabali Yaliyo Juu ya Vijiji

Jabali kubwa mara nyingi hutoa dalili kabla ya kuanguka. Kazi ya mpimaji ni kuzipima dalili hizo, wala si kuzitazama tu. Hayo yaonekana katika habari za vijiji viwili vya Uswisi.

Katika kijiji cha Elm, tangu mwaka 1868, watu walichimba chini ya mlima mawe yapasukayo kama vibao. Wakaukata mguu wa mlima, wakaingia ndani zaidi ya mita 60. Mwaka 1876 ufa ulionekana juu ya machimbo, nao ukazidi kupanuka. Tarehe 10 Septemba, 1881, wakubwa walikwenda kuutazama, wakasema hapana hatari ya karibu. Kesho yake jioni jabali lilianguka mara tatu, na watu 115 wakafa. Wakubwa wale hawakuwa wapumbavu. Ila jicho peke yake haliwezi kuonyesha ufa waenda mbio kiasi gani.

Basi mpimaji hutazama kwanza matabaka ya mwamba. Yakiinama kuelekea bondeni, na mteremko umekatwa chini yake, jabali lina njia ya kutelezea. Kisha huuliza, je, njia hiyo ni kali kiasi gani? Hutwaa vipande viwili vya mwamba ule ule, huweka kimoja juu ya kingine, na kuinua upande mmoja polepole mpaka cha juu kiteleze. Mawe mengi makavu huteleza yafikapo digrii 30 au zaidi kidogo. Lakini penye udongo wa mfinyanzi katikati, hata mteremko mdogo kuliko huo watosha.

Adui mkubwa ni maji. Ufa wenye kina cha mita 10 ukijaa maji, huko chini kila mita moja ya mraba husukumwa kwa uzito wa tani 10. Kwa hiyo yafaa kuchimba mfereji juu ya ufa, ili maji ya mvua yapite kando.

Kuupima ufa ni kazi awezayo mwalimu yeyote. Pigilia misumari miwili ya chuma, mmoja kila upande wa ufa, upime nafasi iliyo kati yake kila siku saa ile ile, na kuandika daftarini. Ukipanuka milimita 2 leo na 2 kesho, endelea kuangalia. Ukipanuka 2, kisha 4, kisha 9, watu wahame, hata kama mvua imekatika.

Hivyo ndivyo ilivyofanywa katika kijiji cha pili, Brienz, katika jimbo la Graubünden, ingawa huko walitumia rada na vioo vilivyofungwa mwambani. Mwendo ulipozidi, watu wote, wasiofika 100, waliamriwa kuondoka kabla ya usiku wa tarehe 12 Mei, 2023. Wengi walinung'unika, maana walingoja zaidi ya mwezi mzima. Usiku wa kuamkia tarehe 16 Juni mlima ulishuka, ukaifukia barabara, ukasimama karibu sana na nyumba. Hakufa mtu.