Ugonjwa wa Mtoto Mchanga Haungoji Kesho

Mtu mzima akiugua husema, "Kichwa kinaniuma." Mtoto mchanga hawezi kusema. Hulia tu, na akizidiwa huacha hata kulia. Basi wewe mzazi ujifunze kusoma dalili zake, kama unavyosoma ukurasa huu.

HOMA. Kandokando ya Ziwa Victoria kuna mbu wengi waletao malaria. Mtoto akiwa na joto, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo apimwe damu. Aliye chini ya miezi 2 apelekwe mara moja.

DEGEDEGE. Mara nyingi huletwa na malaria kali. Mlaze mtoto kwa ubavu. Usimtie kitu mdomoni. Mkimbize hospitali. Wako wasemao kuwa mtoto wa degedege akipigwa sindano atakufa. Si kweli. Malaria ndiyo inayoua, na sindano ni dawa yake.

KUHARA. Maji ya ziwani yasiyochemshwa huleta kuhara. Endelea kumnyonyesha mtoto. Zahanati watakupa pakiti ya dawa yenye chumvi na sukari. Soma kipimo cha maji kilichoandikwa juu yake. Sasa unajua kusoma! Utosi ukibonyea na macho yakiingia ndani, huo si uchawi. Mwili umekaukiwa maji. Rudi zahanati upesi. Fanya hivyo pia ukiona damu katika choo chake.

KIFUA. Mtoto akiwa ametulia, funua kifua chake. Hesabu pumzi kwa dakika 1. Kwa mtoto wa chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 12, pumzi 50 au zaidi ni hatari.

Tena, mtoto asiyeweza kunyonya, anayetapika kila kitu, au aliyelegea haamki, yumo hatarini.

Ukikaa Ukerewe au kisiwa kingine, usiseme, "Tuone kesho." Jioni upepo ukivuma, mtumbwi hauvuki. Ondoka mapema. Chukua kadi ya kliniki ya mtoto. Zahanati ikishindwa, watakupa barua ya kwenda hospitali ya wilaya, au Bugando kule Mwanza.

MASWALI
1. Utosi uliobonyea waonyesha nini?
2. Mtoto wa degedege apelekwe wapi?
3. Kutoka kwako hadi zahanati ni mwendo wa saa ngapi? Usiku utapitaje? Zungumzeni darasani.